Kaboni Haipigi Kengele

Mkazi wa Nyegezi, Butimba au Luchelele jijini Mwanza huyajua maji yake kwa pua. Siku dawa inapozidi bombani, glasi hunuka klorini kabla haijafika mdomoni. Ziwa Victoria likitulia na jua likawaka siku kadhaa mfululizo, maji ya ukingoni hugeuka kijani, na aliyechota huko hurudi na ndoo inayonuka udongo uliolowa. Harufu hizi mbili ndizo zinazowapeleka wengi dukani kununua filta ya kaboni, na filta hiyo huziondoa zote mbili vizuri sana.

Faida iko hapo, na hatari iko hapo hapo. Harufu ya klorini ilikuwa inakuarifu kwamba maji bado yana mlinzi. Harufu ya udongo ilikuwa inakuarifu kwamba mwani umeshamiri. Ukishayapitisha maji kwenye kaboni, pua haina tena cha kukueleza, na filta yenyewe haisemi lolote inapochoka. Kwa hiyo mwenye filta, awe anachuja maji ya kunywa au ya tangi la samaki wa mapambo sebuleni, anatakiwa ajue mambo matatu ambayo pua haitamwambia: kaboni inashika nini, inakaa wapi katika mpangilio wa kusafisha maji, na imeshachuja lita ngapi.

Inashika nini

Kaboni tunayoizungumzia, ambayo wataalamu huiita kaboni amilifu, ni mkaa, ila si ule wa jikoni. Vifuu vya nazi, mbao au makaa ya mawe huchomwa bila hewa ya kutosha, kisha mkaa wake hupitishiwa mvuke katika joto la kati ya nyuzi 800 na 1,000. Mvuke huo huula mkaa kwa ndani na kuuachia vitundu vidogo mno visivyohesabika. Gramu moja ya kaboni nzuri ina eneo la ndani linalokaribia meta za mraba 1,000. Maana yake ni kwamba gramu saba, ambazo zinaenea kiganjani, zina eneo la kutandaza dimba zima la uwanja wa CCM Kirumba. Kemikali zinazopita na maji hunata kwenye kuta za vitundu hivyo na kubaki humo. Klorini yenyewe humenyuka na kaboni na kugeuka kloridi, ambayo haina harufu na kwa kiasi hicho haina madhara.

Inachokishika vizuri ni klorini, rangi ya manjano ya majani yaliyooza, viuatilifu vingi vya mashambani, na jiosmini, ile kemikali ya mwani na vijidudu inayoleta harufu ya udongo. Pua ya binadamu huinusa jiosmini hata ikiwa nanogramu kumi tu katika lita, ndiyo maana mwani kidogo tu hukera nyumba nzima.

Orodha ya isichokishika ni ndefu zaidi. Haizuii bakteria wa kipindupindu wala wa homa ya matumbo, na haizuii virusi. Haiondoi chumvi, naitreti, floraidi wala ugumu wa maji. Tena, kwa kuwa imekwisha kuondoa klorini na imehifadhi mabaki ambayo vijidudu huyala, kaboni yenye unyevu ni makazi mazuri ya bakteria. Wengi wao hawamdhuru mtu mwenye afya, lakini kwa mtoto mchanga, mzee au mgonjwa mwenye kinga ndogo si jambo la kubahatisha. Filta zinazotangazwa kuwa na madini ya fedha hupunguza bakteria wanaoota ndani ya kaboni; hilo si sawa na kuua vimelea walio ndani ya maji.

Onyo la Kanda ya Ziwa

Kwetu huku neno kaboni linafahamika zaidi kwa wachimbaji kuliko kwa wauza filta. Katika uchenjuaji wa dhahabu, chembe ngumu za kaboni ya vifuu vya nazi hutumbukizwa kwenye maji ya sianidi ili zinase dhahabu. Ukiziangalia kwa macho, chembe hizo hazina tofauti na zile za kwenye filta. Ndiyo sababu hutokea mtu akapewa kiroba cha kaboni iliyokwisha kutumika mgodini, akaambiwa aioshe na kujaza filta yake kwa bei nafuu.

Usikubali. Kaboni hiyo imeshanasa metali, huenda na zebaki iliyobaki kwenye marudio (mchanga uliokwisha kuchenjuliwa), na hakuna sabuni wala jua la kuitoa humo. Viwandani kaboni huhuishwa kwa kuchomwa upya katika tanuri lenye joto la nyuzi mia nane na zaidi; sufuria ya maji yanayochemka inaishia chini ya nyuzi 100. Kwa sababu hiyo hiyo, ushauri wa kuchemsha katriji kuukuu au kuianika juani ili ipate nguvu upya hauna msingi. Utapunguza vijidudu kidogo, lakini vitundu vitabaki vimejaa. Mkaa wa jikoni uliopondwa nao hauwezi kushika nafasi ya kaboni: vitundu vyake ni vichache na majivu yake huyabadilisha maji.

Mahali pake katika mpangilio

Maji ya Nyegezi yana njia nne za kufika nyumbani, na kila njia ina mpangilio wake.

Ya kwanza ni bomba. Mamlaka ya majisafi ya Mwanza, MWAUWASA, huvuta maji ziwani kupitia chanzo cha Capripoint na mtambo mpya wa Butimba uliojengwa kuzalisha lita milioni 48 kwa siku. Maji hayo hutoka yakiwa yamesafishwa na kutiwa klorini. Shirika la Afya Duniani linataka maji yanayofika kwa mtumiaji yawe na angalau miligramu 0.2 za klorini kwa lita. Lakini jiji letu ni la vilima na mawe, na wengi wetu tunaishi kwa mgao: maji yakija tunajaza simtanki, yakikatika tunatumia akiba. Klorini hupungua siku baada ya siku ndani ya tangi hilo.

Kosa la kawaida hapa ni fundi kufunga filta kubwa ya kaboni kabla ya simtanki, ili nyumba nzima ipate maji matamu. Matokeo yake ni lita elfu moja au zaidi za maji yasiyo na ulinzi wowote, yamekaa juani kwenye tangi kwa wiki nzima. Acha klorini iingie tangini ifanye kazi yake. Filta ifungwe mwishoni, kwenye koki ya maji ya kunywa tu, na ichuje maji ya leo. Yaliyochujwa yakae katika chombo safi chenye mfuniko na koki, yasichotwe kwa kikombe, na yatumike ndani ya siku moja. Maji yakikaa tangini hadi harufu ya klorini ikaisha, tia dawa ya maji kama WaterGuard kwa kipimo cha kwenye pakiti, subiri dakika 30, ndipo uyapitishe kwenye kaboni. Ukipitisha kwanza kisha ukatia dawa, maji yatakuwa salama lakini ladha uliyoikimbia itarudi. Ukitia dawa na kupitisha papo hapo bila kusubiri, kaboni itaikamata klorini kabla haijaua chochote.

Kwa wanaochemsha, mpangilio unageuka: chuja kwanza, chemsha baadaye, kwa kuwa moto ndio unaomaliza bakteria waliotoka kwenye kaboni yenyewe. Ziwa letu liko meta 1,134 juu ya usawa wa bahari na maji huku huchemka kabla ya nyuzi 100, lakini mchemko wa kutokota kwa dakika moja unatosha. Kuyaacha yatokote nusu saa ni kuunguza mkaa na gesi bure.

Njia ya pili ni ndoo ya ziwani, inayochotwa mwaloni au kununuliwa kwa mwenye mkokoteni. Maji haya yana tope, na tope huziba kaboni kabla haijafanya kazi. Yatulize kwanza kwa shabu, mimina yale ya juu, yachuje kwa kitambaa cha pamba kilichokunjwa mara kadhaa au kwa filta ya udongo wa kufinyangwa. Baada ya hapo ndipo dawa, kisha kaboni. Kumbuka pia kwamba kichocho hakisubiri unywe maji: vimelea wake huingia kupitia ngozi ya miguu iliyosimama majini wakati wa kuchota. Hakuna filta inayokinga miguu.

Ya tatu ni kisima kirefu. Maji yake hung'aa, na wengi huyaamini kwa mng'ao huo. Matatizo ya visima ni chumvi, naitreti inayovuja kutoka vyooni, na sehemu nyingine floraidi, na kaboni haigusi hata kimoja kati ya hivyo. Kuchemsha ndiko kunakozidisha, maana maji hupungua na chumvi hubaki. Naitreti ikizidi miligramu 50 kwa lita ni hatari kwa mtoto mchanga anayekorogewa maziwa ya kopo. Kwa floraidi, kituo cha utafiti cha Ngurdoto mkoani Arusha kimekuwa kikitumia mkaa wa mifupa ya ng'ombe, unaonasa floraidi kwa madini ya mfupa wenyewe. Muuzaji akikuambia filta yake ya kaboni ya vifuu inafanya kazi hiyo hiyo, anakudanganya au amedanganywa.

Ya nne ni mvua ya kwenye mabati. Mwaga maji ya mwanzo yanayoosha vumbi na kinyesi cha ndege, kisha tia dawa. Kaboni hapa ni ya hiari.

Maji ya kijani yana hesabu nyingine

Wakati wa mwani kuna jambo moja linalokwenda kinyume na tulivyolelewa. Tumefundishwa kwamba ukiwa na shaka, chemsha. Mwani wa kijani-bluu unaoota ziwani unaweza kutoa sumu inayoitwa maikrosistini, inayodhuru ini. Utafiti wa Benedicta Sekadende na wenzake uliochapishwa mwaka 2005 ulionyesha kuwa sumu hiyo inazalishwa hapa hapa, katika Ghuba ya Mwanza. Moto hauivunji. Kinyume chake, kuchemsha maji yenye mwani hupasua seli zake, na sumu iliyokuwa ndani humwagika majini.

Mwezi Agosti 2014 mji wa Toledo nchini Marekani, unaokunywa maji ya Ziwa Erie, uliwakataza watu wapatao 400,000 kunywa maji ya bomba kwa siku kadhaa kwa sababu ya sumu hiyo hiyo. Tangazo lilisisitiza: msiyachemshe. Mtambo wa mji ulitumia kaboni ya unga kwa wingi kuinasa sumu, na ikasaidia. Lakini mtambo una wapimaji, na kipimo cha Shirika la Afya Duniani ni kidogo mno, mikrogramu moja tu kwa lita. Filta yako ya jikoni haina mpimaji. Kwa hiyo ushauri hapa ni mfupi: maji ya kijani usiyanywe na usiyachemshe, hata kama una filta mpya. Tumia ya bomba au ya mvua hadi ziwa litakapochafuka kwa upepo na mwani kutawanyika. Ikiwa huna njia nyingine kabisa, chota mbali na ukingo penye maji meupe, tuliza kwa shabu, chuja mwani wote utoke, pitisha kwenye kaboni isiyochoka, na kuchemsha kuwe mwisho kabisa.

Lita ngapi, si miezi mingapi

Kipya kinyemi. Filta ikiwa mpya kila mgeni anaonjeshwa maji. Baada ya mwaka mmoja hakuna anayekumbuka katriji ilifungwa lini. Maboksi mengi huandika miezi sita, lakini kaboni haijui kalenda. Inajua lita zilizopita na uchafu uliokuwemo.

Hesabu yake ni rahisi. Tuseme boksi linasema lita 3,000, na nyumba yenu ya watu watano hutumia lita 25 kwa siku kwa kunywa na kupika. Gawanya: siku 120, yaani miezi minne. Wakiongezeka wajukuu wakati wa likizo, itaisha mapema. Andika tarehe ya kufunga na tarehe ya kutoa kwa kalamu ya wino mzito kwenye ganda la filta. Mbele ya kaboni weka chujio la tope la maikroni 5. Ni la bei ndogo na linaweza kubadilishwa mara nyingi, wakati kaboni inabaki kwa kazi yake.

Wengine husubiri hadi wasikie klorini imepita kwenye filta, ndipo wabadilishe. Hapo umechelewa. Uwezo wa kaboni wa kuondoa klorini hudumu kuliko uwezo wake wa kunasa kemikali za mwani na viuatilifu. Ukiisikia klorini upande wa pili, hivyo vingine huenda vimekuwa vikipita kwa wiki nyingi.

Mwendo wa maji nao una maana. Kaboni inahitaji muda wa kukutana na maji. Ukifungua koki hadi mwisho, yanapita bila kunaswa kitu. Acha yatiririke taratibu. Mkisafiri siku kadhaa, mkirudi mwage maji ya dakika chache za mwanzo. Katriji mpya nayo isuuzwe hadi unga mweusi uishe.

Kwenye tangi la samaki

Samaki hawana namna ya kulalamikia klorini. Huanza kuhema juu ya maji na kufa. Kiasi ambacho kwako ni ulinzi, kwao huunguza matamvua. Maji ya bomba yanayokwenda kwenye tangi yalaze kwenye ndoo iliyo wazi kwa saa 24, au yapitishe kwenye kaboni taratibu, au tumia matone ya kuondoa klorini yanayouzwa kwa wafugaji.

Ndani ya tangi, kaboni ina kazi ndogo kuliko wengi wanavyodhani. Huondoa umanjano wa mbao, harufu, na dawa iliyobaki baada ya matibabu. Haiondoi amonia, ambayo ndiyo muuaji mkuu wa samaki wapya. Amonia inayotoka kwa samaki na kwenye mabaki ya chakula huliwa na bakteria walioota kwenye sponji na changarawe, wanaoigeuza kuwa naitraiti na kisha naitreti. Tangi jipya linahitaji wiki nne hadi sita bakteria hao wajijenge. Kwa hiyo sponji ndiyo filta ya lazima. Kaboni ni ya nyongeza. Sponji usiioshe bombani, klorini itawaua wafanyakazi wako; isuuze kwenye maji yaliyotolewa tangini. Na usibadilishe sponji na kaboni siku moja, kwa kuwa bakteria wameota kwenye vyote viwili.

Ukimtibu samaki, toa kaboni kwanza. Dawa uliyonunua itaishia kwenye kaboni kabla haijamfikia mgonjwa. Matibabu yakiisha, rudisha kaboni mpya isafishe masalia. Katika siku za kawaida, kaboni ya tangini hudumu wiki chache tu; ukiiona haileti tena mng'ao, itoe, na kubadilisha robo ya maji kila wiki kutafanya kazi kubwa zaidi.

Anayefuga furu wa ziwa letu ana bahati: joto wanalolihitaji, nyuzi 23 hadi 27, ndilo la sebule ya Mwanza, hivyo hahitaji hita. Mmoja wao, Pundamilia nyererei, aliyepewa jina la Mwalimu na kuingizwa rasmi kwenye maandishi ya sayansi mwaka 1985, anafugwa na watu wa Ulaya na Marekani ambao hawajawahi kuliona ziwa hili. Mwaka 1997 Ole Seehausen na wenzake walionyesha kuwa maji ya ziwa yakichafuka, furu majike hushindwa kutofautisha rangi za madume, na spishi zikachanganyika. Tangini pia, furu huhitaji maji ya kuona. Lakini ukungu wa tope huondolewa na sponji. Kaboni huondoa rangi iliyoyeyuka. Kabla ya kuvua furu wa kufuga, muulize ofisa uvuvi kuhusu kibali. Na Nyegezi tuna chuo cha uvuvi cha FETA, ambako wapo wanaojua samaki hawa kuliko muuza matangi yeyote.

Kabla ya kutoa fedha

Dukani, tafuta alama ya TBS, kisha soma namba. Kiwango cha NSF namba 42 kinahusu mambo kama ladha, harufu na klorini. Namba 53 kinahusu baadhi ya vitu vyenye madhara kiafya, na lazima boksi litaje ni vipi. Boksi lisilo na namba wala lita ni plastiki yenye mkaa ndani.

Lililo bora zaidi ni kupima maji kabla ya kununua. Wizara ya Maji ina maabara ya ubora wa maji jijini Mwanza. Dk. Askwar Hilonga wa Arusha, aliyeshinda tuzo ya ubunifu wa uhandisi Afrika mwaka 2015 kwa filta yake ya mchanga na nanoteknolojia, alijenga kazi yake juu ya wazo hili hili: chujio hupangwa kulingana na uchafu uliokutwa kwenye maji ya mahali husika.

Mwanafunzi wa hosteli ya Malimbe au mama mwenye watoto wadogo Mkolani, mwenye fedha ya kitu kimoja tu, aanze na dawa ya maji na ndoo yenye koki. Hivyo viwili vinazuia kuhara, kaboni haizuii. Fedha ikizidi, apime maji. Ikizidi tena, anunue filta, na siku hiyo hiyo anunue katriji ya pili aiweke kabatini ikiwa na tarehe ya kufungwa. Asiyeweza kununua ya pili, ya kwanza isubiri.